Nguo za Kukizunguka Kisiwa: Tarihi ya Kilwa na Hoja ya Uhalali wa Kisultani

Mtu aliyeandika Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, kitabu cha Kiarabu kinachosimulia habari za masultani wa Kilwa, hakuacha jina lake. Aliacha mwaka aliozaliwa: 904 Hijria, yaani 1499 Miladia. Mwaka huo peke yake unaeleza mengi. Vasco da Gama alikuwa ameshapita katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka sita tu, Julai 1505, askari wa Kireno wa Francisco de Almeida walipoteremka Kilwa Kisiwani, wakauteka mji, wakaupora na kujenga ngome. Kufikia wakati aliposhika kalamu, biashara ya dhahabu ya Sofala iliyoutajirisha mji wa wazee wake ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Kilwa, na kiti cha usultani kilikuwa kimegombewa, kikanyang'anywa na kugawiwa na wageni. Hapo ndipo alipoandika, kwa amri ya sultani, habari za watawala wa Kilwa tangu mwanzo.

Mazingira hayo husahaulika mara nyingi. Tarihi ya Kilwa imezoeleka kusomwa kwa namna mbili. Wako wanaoichukua kuwa taarifa ya kweli ya jinsi mji ulivyoanzishwa na Washirazi, na wako wanaoitupa kando kuwa ni hekaya. Makala haya yanashikilia kwamba makundi yote mawili yanaiuliza swali ambalo haikuandikwa kulijibu. Tarihi hii ni hati ya madai. Iliandikwa wakati haki ya kutawala ilipokuwa na mashaka, na karibu kila kisa kilichomo kinajibu pingamizi ambalo mshindani angeweza kulitoa.

Katika hilo Kilwa haikuwa peke yake. Mwaka 1291 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliziandikia nyumba za watawa akitaka zipekue tarihi zao na kumletea chochote kinachoonyesha kwamba Uskoti iko chini ya taji lake. Miaka kumi baadaye alimpelekea Papa Boniface wa Nane barua iliyoanzia kwa Brutus wa Troya, shujaa ambaye Geoffrey wa Monmouth alikuwa amemweka kichwani mwa historia ya Waingereza mnamo 1136. Waskoti nao walijibu kwa Scota, binti wa Farao. Ufaransa, mtawa Primat wa Saint-Denis alimkabidhi Philippe wa Tatu tarihi kubwa ya wafalme mwaka 1274. Humo ukoo wa Capet, ambao uliwaondoa wazao wa Charlemagne, ulirudishwa katika damu ya Charlemagne kupitia mama yake Louis wa Nane. Karibu zaidi na kwetu, Yekuno Amlak alipowapindua Wazagwe wa Ethiopia mwaka 1270, dola yake mpya ilijiita ya wazao wa Sulemani, na katika karne ya 14 Kebra Nagast ikaupa ukoo huo maandishi yaliyoufikisha hadi kwa Malkia wa Sheba. Popote pale kanuni ilikuwa moja: aliyekitwaa kiti kwa nguvu alihitaji mwandishi wa kuonyesha kwamba kilikuwa chake tangu zamani.

Kisa cha mwanzo wa Kilwa kinastahili kusomwa polepole. Sultani mmoja wa Shiraz aliota panya mwenye mdomo wa chuma akizitoboa kuta za mji. Aliifasiri ndoto hiyo kuwa nchi yake inaelekea kuangamia, akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba. Kila jahazi lilitia nanga mahali pake, Mombasa, Pemba na hadi Anzwani katika Visiwa vya Komoro, na la sita likafika Kilwa. Huko walimkuta Mwislamu aliyeitwa Muriri wa Bari, pamoja na msikiti unaojulikana kwa jina la Kibala. Muriri aliwaeleza kwamba mwenye kisiwa ni mfalme asiye Mwislamu kutoka Muli, upande wa bara, naye amekwenda kuwinda. Siku chache baadaye mfalme akarudi, akivuka kwa miguu maji yalipokupwa. Mgeni akamwomba amuuzie kisiwa, Muriri akiwa mkalimani wao. Bei ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akazitandaza, nyeupe, nyeusi na za kila rangi. Mwenyeji akazikusanya na kwenda zake bara, huku moyoni amekusudia kurudi na jeshi. Muriri akamtonya mnunuzi. Watu wakaufukua mkondo wa kati ya kisiwa na bara, na mfalme alipokuja na askari wake alisimama ng'ambo akingoja maji yakupwe. Hayakukupwa.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika kisa hiki mgeni anakuja na mwenyeji anahama, na ustadi wa mwandishi uko katika kuufanya uhamisho huo uonekane wa haki. Kisiwa hakikutekwa, kilinunuliwa. Muuzaji alijipangia bei mwenyewe, bei ililipwa kwa ukamilifu mbele ya shahidi, na bidhaa aliichukua. Ni yeye aliyekusudia kuvunja mapatano. Kwa hiyo hata kufukuliwa kwa mkondo, ambako machoni pa watu wa bara pengine kulikuwa sawa na kufungiwa nje ya nchi yao, kunageuka kuwa tendo la mtu anayejilinda. Mwandishi aliyesoma sheria ya Kiislamu alijua vizuri tofauti ya mali iliyonunuliwa na mali iliyoporwa, na alijua pia kwamba watu wa bara mkabala na Kilwa walikuwa bado wapo. Dai lao juu ya kisiwa lilihitaji kufungwa kwa mkataba.

Ndoto ya panya nayo ina kazi yake. Mfalme anayekimbia baada ya kushindwa vitani hafai kuwa mwanzilishi wa ukoo. Yule aliyeonyeshwa maangamizi kabla hayajatokea anaondoka na heshima yake kamili, na wanawe wanabaki wana wa mfalme popote watakapoteremka. Hesabu ya majahazi saba inaifanya Kilwa kuwa ndugu wa Mombasa, Pemba na Anzwani kwa damu moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa katika pwani ambako miji ilishindana kwa biashara na kuoana kwa wakati mmoja.

Muriri wa Bari ni suala jingine, na huenda ndiye mtu muhimu kuliko wote katika kisa hiki. Kama mwandishi angekuwa anatunga tu, asingemwingiza. Kuwapo kwake kunakiri kwamba Uislamu ulitangulia kufika kabla ya ukoo wa Washirazi. Mwandishi alilazimika kukiri, kwa sababu watu wa Kilwa waliujua msikiti wa Kibala na jina lililoambatana nao. Akiolojia imemuunga mkono: Shanga, katika Kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua mabaki ya misikiti ya mbao ya karne ya 8. Tarihi inayotetea kiti haiwezi kusema lolote itakalo. Inasukumwa na wasomaji wake, ambao wana makaburi, misikiti na wazee wao wa kuulizwa.

Nakala ya Kiarabu tuliyo nayo ilinakiliwa Zanzibar katika karne ya 19, ikafika London kwa mkono wa balozi John Kirk. S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Utangulizi wake unaahidi sura kumi, lakini zilizopo ni saba. Kwa bahati njema kuna shahidi wa pili. João de Barros, msimamizi wa Casa da Índia, idara ya Lisbon iliyoshughulikia biashara ya mashariki, alipata tarihi ya wafalme wa Kilwa na kuitumia katika juzuu ya kwanza ya Décadas da Ásia, iliyochapishwa 1552. Simulizi hizo mbili zinafanana kwa mifupa na kutofautiana kwa nyama. Kwa Barros hakuna panya. Mwanzilishi, Ali, ni mmoja wa wana saba wa mfalme wa Shiraz. Mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake waliozaliwa na mama Mwajemi walimdharau. Akaondoka kupitia Hormuz, akafika Mogadishu na Barawa, akawakuta Waarabu wa madhehebu tofauti na yake, akashuka kusini hadi alipopata mahali pa kuwa bwana wa nafsi yake. Nguo zimo pia humu.

Tofauti hizo si makosa ya wanakili. Zinaonyesha kwamba Kilwa kwenyewe mambo yalisimuliwa kwa zaidi ya njia moja, na kila njia ilikuwa na watu wake. Mwanzilishi wa kwanza ni mrithi asiye na doa. Wa pili ni mtoto aliyenyimwa haki na ndugu zake kwa sababu ya mama yake Mwafrika, akaijenga heshima yake mwenyewe. Katika mji ambao watoto wa masuria walishindana na watoto wa wake wa ndoa, kisa cha pili kilikuwa silaha ya kweli.

Barros amehifadhi pia kisa cha Sofala. Mvuvi wa Kilwa alinasa samaki mkubwa, akavutwa kwenda kusini hadi alipojikuta Sofala, na huko akaona chombo cha Mogadishu kikibadilishana bidhaa kwa dhahabu. Alirudi na kumweleza sultani, naye akafanya mapatano na wenyeji. Mji uliostawi kwa kusimama kati ya dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi ulihitaji kueleza kwa nini njia hiyo ni yake na si ya Mogadishu. Kisa cha mvuvi kinaeleza: Mungu alimwonyesha mtu wa Kilwa, na wenyeji wakaridhia.

Mtihani mgumu zaidi wa mwandishi ulikuwa mwishoni mwa karne ya 13. Mnamo 1277 al-Hasan bin Talut alikitwaa kiti, na ukoo wa Mahdali, masayidi wenye asili ya Yemen, ukachukua nafasi ya ule wa Shirazi. Hapa palikuwa na mapinduzi, na tarihi haikatai kwamba nguvu zilitumika. Lakini haianzi upya. Orodha ya wafalme inaendelea, hesabu ya miaka ya utawala inaendelea, na Mahdali wanarithi mkataba wa nguo kana kwamba wao ndio waliozitandaza. Primat aliwaunganisha Wacapet na Charlemagne kwa njia ya ndoa. Mwandishi wa Kilwa aliunganisha koo mbili kwa kuziweka tu katika mfululizo mmoja, bila kuvunja mstari.

Sarafu zilifanya kazi hiyohiyo kabla yake, tena zilifika mbali kuliko kitabu. Sarafu ndogo za shaba za Ali bin al-Hasan, sultani wa ukoo wa Shirazi, zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yenye kina kimoja na jina. Masultani waliofuata waliushika mtindo huo wa vina, Mahdali nao wakiwamo. Mtu aliyezigeuza kiganjani sarafu za al-Hasan bin Sulaiman, mfalme wa karne ya 14, aliona desturi ileile ya Ali, ingawa ukoo ulikuwa umebadilika. Moja ya sarafu za al-Hasan imepatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Al-Hasan huyo, aliyeitwa Abu al-Mawahib, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika lenye pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Tarihi inamtukuza kwa jambo jingine: akiwa kijana alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akahiji Makka. Chaguo hilo lina maana. Kwa wasomaji wa karne ya 16, jumba lilikuwa limeshakuwa gofu. Elimu na hija vilikuwa bado na thamani ileile. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu sultani huyohuyo kwa ukarimu, hasa kwa masharifu waliomjia kutoka Hijazi na Iraki. Anasimulia jinsi fakiri wa Kiyemeni alivyomwomba nguo alizovaa, akapewa, kisha akazidishiwa watumwa na pembe za ndovu. Kuhusu Daud, ndugu aliyemrithi, anasema alikuwa kinyume chake kabisa. Mkono mtupu haulambwi, na wasifu wa mfalme ulitegemea sana nani alikula mezani kwake. Jambo la kutazamwa kwa Ibn Battuta ni lile asilolitaja: Shiraz haimo katika habari zake za Kilwa. Mtawala aliyemkuta alijithibitisha kwa dini, ukarimu na vita vya jihadi. Asili ya Kiajemi ama haikuwa hoja ya siku hizo, ama hakuna aliyeona haja ya kumweleza mgeni.

Karne ya 15 katika tarihi inachosha kusoma, lakini ndipo lilipo lengo lake. Mawaziri na maamiri wanawasimamisha masultani na kuwaangusha. Wengine wanatawala kwa jina la sultani asiye na nguvu, wengine wanajaribu kukikalia kiti wenyewe na kukataliwa na watu. Mwishoni Amiri Ibrahim anamwondoa Sultani al-Fudail na kuushika mji, na ni yeye aliyewapokea Wareno. Msomaji aliyesimuliwa kwa kurasa nyingi juu ya nasaba ya kweli anafika hapa akiwa tayari ameshajifunza kumhukumu. Amiri anaweza kuwa na askari na fedha. Nguo hazikutandazwa na wazee wake.

Wareno waliisoma hoja hiyo haraka na kuitia mfukoni. Almeida alipouteka mji alimtangaza Ibrahim kuwa mnyang'anyi, akamweka Muhammad Ankoni na kumvisha taji la dhahabu lililokusudiwa mfalme wa Cochin huko India. Barros anaongeza jambo la kusikitisha: Ankoni, ingawa alikuwa na watoto wake, aliomba mwana wa al-Fudail aliyeuawa ndiye atajwe mrithi. Mtu aliyepewa ufalme na mizinga ya wageni alifahamu kwamba katika Kilwa taji la Cochin halina uzito, na akatafuta kusimama karibu na ukoo unaotambuliwa. Hakuishi muda mrefu. Aliuawa ndani ya mwaka, na mwaka 1512 Wareno wenyewe waliiacha ngome. Kwa Barros, aliyekuwa akiandika kwa ajili ya taji la Ureno, tarihi iliyotungwa kuwatetea masultani ikawa ushahidi kwamba Ureno ilimwondoa dhalimu tu.

Matumizi ya namna hiyo hayakukoma. Wataalamu wa wakati wa ukoloni waliichukua Shiraz ya tarihi kuwa ushahidi kwamba miji ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 1974, aliisogeza mbele tarehe ya kuanza kwa ukoo wa Shirazi hadi mwishoni mwa karne ya 12. Baadaye hazina ya sarafu ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ilimrudisha Ali bin al-Hasan katika karne ya 11. James de Vere Allen na wengine walisema Ushirazi ni lugha ya kisiasa ya Waswahili wenyewe. Zanzibar lugha hiyo ilionekana wazi: chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa mwaka 1957, watu wengi wa Unguja, Tumbatu na Pemba walijiita Washirazi kwa maana ya kuwa wenyeji wa visiwa kabla ya utawala wa Waomani. Asili ya mbali ilikuwa imegeuka kuwa hoja ya wenyeji.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, sehemu kubwa ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa mama. Asili ya Asia iliingia zaidi kupitia wanaume, wengi wakiwa wa Uajemi, kuanzia takriban mwaka 1000. Magazeti mengi yalitangaza kwamba tarihi ya Kilwa imethibitishwa. Imethibitishwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito kwa hoja ya makala haya.

Nakala ya Kiarabu haina mwanamke katika mapatano ya Kilwa. Kuna mfalme wa Muli, mgeni, shahidi na nguo. Mwanamke yumo katika habari za Kilwa Kisiwani zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Hapo mwenye kisiwa ana jina, Mzee Mrimba, na mgeni wa Kishirazi anamwoa binti yake. Nguo zimo, kuhama kwenda bara kumo, na ugomvi wa baadaye umo. Kisha mtoto wa ndoa hiyo anakua, anamtafuta babu yake huko bara, na Mrimba anamkabidhi mjukuu wake utawala. Mjukuu huyo anakitawala kisiwa kwa haki ya mama yake, mtu wa nchi. Masultani wa karne ya 16, wakibishana na maamiri na Wareno juu ya nasaba ya baba, hawakuwa na kazi na haki ya namna hiyo. Wasimulizi wa Kilwa waliendelea kuitunza kwa mdomo karne tatu na zaidi, na mifupa ya Kilwa na Songo Mnara sasa iko upande wa binti wa Mrimba.